Mkwe Yuko Mahabusu

Benchi la Rashidi muuza kahawa liko nyuma ya stendi ya Babati, na aliyeketi hapo huona vizuri bati jekundu la mahakama ya zamani ya chifu. Siku hizi ni nyumba ya wageni. Mwenye nyumba aliikarabati, lakini aliacha kila kitu kilivyokuwa: kuta za mawe, taa za chemli, nondo madirishani, hata mlango mnene wa mahabusu. Watu hutoka mbali kuja kulala humo, na huondoka wamefurahi. Jumamosi hiyo asubuhi Damasi alifika kijiweni akihema, shati amelivaa nje ndani.

— Jamani, mkwe amefungiwa!

— Mkwe yupi? aliuliza Rashidi, akimimina.

— Baba Wiliam wa Katesh! Si ndiye kaja kumposea mwanawe kwa Jovita wangu? Nyumbani nimeezua paa, nikampangia pale kwenye nyumba ya wageni. Nikamchagulia chumba kitulivu kuliko vyote.

— Mahabusu, alisema Mbao, fundi seremala.

— Sasa kimeandikwa Chumba cha Heshima! Mzee Modesti kamfungia kwa nje, kaenda shambani Bonga na ufunguo. Simu yake haipatikani.

Tulimwelewa Modesti. Alikuwa mlinzi wa mahakama ya mwanzo miaka thelathini. Kazi hiyo ilikwisha, sasa analinda wageni, lakini mkono haukupata habari: kila jioni huhesabu vichwa, hufunga, huenda zake.

— Uvunjwe mlango, alisema Rashidi.

Katiba aliweka kikombe chini. Jina hilo alipewa kwa sababu hanywi hata maji bila kutaja sheria.

— Thubutu! Ule mlango ni historia. Ukiuvunja, kesi. Na ukifungwa, utafungwa wapi? Mlango wenyewe umeshauvunja.

— Katiba, mtu yumo ndani! alisema Damasi.

— Atulie. Mvumilivu hula mbivu.

— Atakula nini? Hata chai hajanywa!

Mbao alitikisa kichwa kama daktari.

— Mimi nawaambia, hata ufunguo ukija hautasaidia. Ule ni mninga. Mvua ikinyesha, mninga hunywa maji, huvimba. Tungoje jua la saa sita.

— Jana mvua haikunyesha, alisema Rashidi.

— Huvimba hata kwa mawingu.

Damasi alishika kichwa.

— Kanipigia mara tatu. Ya tatu hakusema neno, alikuwa anapumua tu. Akiondoka na hasira hiyo, Jovita nitamwambia nini? Mwanangu ameshasuka nywele!

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, alisema Katiba. Leo ni ya pili. Bado una nafasi.

— Nafasi ya nini?

— Ya jembe.

Mbao alisogea, akapunguza sauti.

— Damasi, umewahi kuuliza ukoo wake? Pengine babu yake alifungwa humo kwa ng'ombe wa watu, akatoroka. Ukuta wa mawe hausahau. Ukuta umemwona mjukuu, ukasema: karibu, tumalizie.

— Hapo sasa! Katiba aliruka. Basi si kosa la Modesti. Kifungo cha babu kinarithiwa. Tutafute hukumu tujue imebaki miezi mingapi.

— Miezi! alilia Damasi. Rashidi, hebu niongeze kahawa, moyo unanienda mbio.

Kikombe chake cha nne hicho. Bati jekundu lilikuwa pale pale, hatua mia tatu.

Ndipo akaja mzee mmoja mwenye koti, bega moja jeupe kwa chokaa. Damasi alikuwa amempa mgongo. Tukamsogezea nafasi.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba. Nimewasikia tangu pale kona. Mna bidii. Naomba kuuliza kitu kimoja.

— Uliza, baba, alisema Katiba. Hapa ndipo penyewe.

— Tangu alfajiri nagonga ule mlango. Nani kati yenu amefika hata kuugusa?

Damasi aligeuka. Mbao alitazama viatu vyake, Katiba akatazama juu, kana kwamba kifungu kimeandikwa angani.

— Mkwe, alisema Damasi hatimaye. Umetokaje?

— Mahabusu ina mlango wa pili, wa kumpitisha mshitakiwa kwenda mbele ya chifu. Sasa kule ni chumba cha kulia, wameuziba kwa kabati la vikombe. Mama Jovita amekuja na chupa ya uji. Hakukuta ufunguo, akazunguka ndani, akamuuliza mpishi, akalisukuma kabati peke yake.

— Mke wangu?

— Huyo huyo. Uji nimekunywa. Naingia dukani kununua sukari, kisha naenda kwake tuzungumze habari ya watoto. Wewe njoo ukimaliza kahawa.

Akaondoka, akijipangusa chokaa.

Damasi alimnyooshea Rashidi kikombe bila kumtazama. Rashidi akainamisha birika. Halikutoa hata tone.