Jiwe Langu la Nyoka na Miguu ya Mjukuu Wangu

Ndugu zangu, akina mama, na nyinyi wazee mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema, nisikilizeni. Shule niliachia darasa la pili, kwa hiyo nitasema kama ninavyojua kusema.

Zamani mimi nilikuwa mtu mkubwa. Msicheke! Nilikuwa na jiwe la nyoka, jeusi, dogo kama kifuniko cha soda, nililoachiwa na mama yangu. Mtu akiumwa na nyoka hapa Ngao, au kule Hewani, anaitwa nani? Mimi. Nafunga mguu kwa kamba, nakaza mpaka mgonjwa amtaje mamake. Nachanja kwa wembe, nabandika jiwe, linanata. Wengi walipona, nikaletewa kuku, nikatembea kifua mbele. Aliyekufa, tulisema siku yake imefika. Jiwe halikulaumiwa hata mara moja.

Marehemu mume wangu alikuwa mchezaji wa ngoma. Ah, ndugu zangu, mngemwona! Mpunga ukianza kuiva tulishinda shambani tukiamia ndege wasiule, yeye juu ya dungu, kile kichanja kirefu cha miti, na kombeo lake, mimi chini napika. Akishawafukuza ndege, anacheza hukohuko juu, miti ya dungu inalia. Nampigia kelele, "Wewe, utaniangukia chunguni!" Anajibu, "Basi utapata kitoweo." Mpaka leo nikisikia harufu ya mpunga mbichi, naiona miguu yake miwili ikining'inia.

Siku moja alishuka, akakanyaga nyoka nyasini. Akaniita bila hata kupaza sauti: "Mama watoto, njoo na jiwe lako."

Nilikuja mbio, na nawaambia ukweli, nilikuja na majivuno. Leo namponya wangu mwenyewe! Nikafunga kamba chini ya goti, nikachanja, nikabandika. Akasema, "Kamba inaniuma kuliko nyoka." Nikamwambia, "Nyamaza, mwanamume mzima!" Jua likazama, likachomoza, kamba iko palepale. Mguu ukawa mweusi kama sufuria ya kuni. Tulipofika hospitali, daktari akasema atajaribu kuokoa maisha. Mguu, hapana.

Ukakatwa.

Nilikaa sakafuni kando ya kitanda chake, sitaki kumwangalia mtu. Muuguzi mmoja, binti mdogo kuliko kitinda mimba wangu, akaja akakaa nami palepale chini. Hakunigombeza. Akaniambia nyoka wengi hawana sumu, na hata mwenye sumu mara nyingine huuma asitie sumu. Hao ndio niliokuwa "nawaponya". Akanionya nisifunge tena kamba, nisichanje, nisinyonye, nisihangaike kumfukuza nyoka. Mtu alazwe, atulizwe, avuliwe bangili kabla hajavimba, mguu usitikisike, abebwe hospitali upesi, asitembee.

"Basi?" nikamuuliza.

"Basi, bibi."

Kumbe ni mambo rahisi hivyo, na mimi miaka yote namwaga damu za watu!

Mzee akazoea mkongojo. Dungu hakupanda tena. Ngoma ikipigwa alikaa kwenye mkeka akipiga makofi, na mimi natazama kwingine. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonichoma.

Sasa sikieni. Mchana mmoja, mwana wa binti yangu, msichana wa miaka tisa, alikuwa akichuma mboga ukingoni mwa mto. Nikasikia ukelele. Namkuta ameketi, kifundo cha mguu kina matundu mawili, damu inachuruzika. Nikambeba mpaka uani. Majirani wakajaa. "Bibi, leta jiwe! Funga, mtoto anakufa!" Na mkono wangu, haki ya Mungu, ulikuwa umeshashika kamba. Ulikwenda wenyewe. Mtoto wangu anakufa, watu wanapiga kelele, na mimi nisifunge?

Mzee akasema taratibu kutoka mkekani, "Mama watoto, mguu wangu mmoja haukukutosha?"

Kamba ikanidondoka.

Nikamlaza mtoto. Nikamvua shanga za mguuni. Nikaweka kijiti kando ya mguu, nikauzungushia leso niliyojifunga, si ya kukaza, ya kuushika tu usicheze. Jirani mmoja akaja na wembe. Nikamwambia, "Kanyoe ndevu zako!" Vijana wakaleta kitanda cha kamba, wakambeba nacho mpaka kwenye mtumbwi, wakatuvusha mto, kisha wakambeba tena mpaka hospitali. Njia nzima nilimsimulia babu yake alivyocheza juu ya dungu, ili moyo wake utulie. Alikuwa akitapika, nikamgeuza ubavu asipaliwe, nikaendelea na hadithi. Wa kutulizwa hasa nilikuwa mimi.

Alidungwa dawa ya kupinga sumu. Mguu ulivimba, ukaja ukanywea. Mavuno yaliyofuata alicheza ngoma, na mzee akapiga makofi mpaka mkongojo ukaanguka. Siku hiyo sikutazama kwingine.

Nawashukuru waliobeba kitanda kile, na mwenye mtumbwi ambaye hakuuliza neno. Namshukuru yule muuguzi aliyekubali kukaa chini. Na mzee wangu, alale pema, kwa maneno yake machache.

Jiwe ninalo bado, hili hapa kwenye pindo la leso. Nalishika nikimkumbuka mama na nikimkumbuka yeye. Kazi nyingine halina. Ukiumwa, niite, nitakuja na kijiti na kitanda, na ukinidai jiwe nitakutukana.

Mjukuu wangu ndiye aliyenishika mkono kunileta hapa leo. Simama, mama, watu waone miguu yako. Yote miwili.