Sauti Iliyozikwa Ndani ya Magitaa

Kitendawili, wasikilizaji wapendwa. Nimewasikia mkiitika. Haya basi: yuko jukwaani, watu wote wanamtazama yeye, naye anatazama viatu vyake. Nani huyo?

Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, nimeupokea, nimekula nikashiba.

Jibu ni mpiga gitaa tuliyemzika mwezi uliopita. Wenzake walimwita Sindano. Mama yake ni fundi cherehani, na tangu utotoni kazi ya kijana ilikuwa kuokota sindano zilizoanguka sakafuni kabla hazijamchoma mteja. Akakua, akaingia bendi, akasimama jukwaani vilevile, shingo chini, akikanyaga pedali zake za gitaa: hii ya kurefusha mlio, ile ya kuuvuruga. Shangazi yake alikwenda kumtazama mara moja. Aliporudi akasema, "Mwanangu anapiga vizuri, lakini jamani, hiyo sindano hajaipata tu?"

Sindano ameacha albamu moja. Albamu moja tu, inaitwa Pamba Masikioni. Ni roki, ila si roki ya kurukaruka. Magitaa yamelaliana kama mablanketi, tabaka juu ya tabaka, mpaka kichwa kinazunguka kama cha mgonjwa wa homa. Sauti ya mwimbaji, yaani Sindano mwenyewe, iko chini kabisa. Tulipoupiga wimbo wa kwanza hapa redioni, mlitupigia simu mkasema mitambo imeharibika. Fundi wetu akapanda juu ya paa kukaza antena. Wimbo ulikwisha yeye bado anakaza.

Albamu hii nusura isiwafikie. Sindano alifariki kwa homa ya mapafu kabla haijakamilika. Nyimbo zilikuwa zimerekodiwa zote. Kilichobaki ni kupima sauti, ipi ipande, ipi ishuke. Kazi hiyo ikamwangukia mdogo wake wa kike, mpiga ngoma wa bendi. Kaka yake alikuwa amemwachia agizo moja: "Sauti yangu iweke ndani ndani."

Studio yao ni stoo iliyopakana na chumba cha kushonea cha mama, katikati ukuta wa mbao. Binti akakaa humo. Wenye kutengeneza santuri walikuwa wakiisubiri kazi, wanapiga simu kila mara. Mama hakutaka kusikiliza hata wimbo mmoja. Shangazi naye akaja, akasimama mlangoni, akauliza maneno ya mwimbaji yako wapi. Akawekewa wimbo. Akatega sikio, akatikisa kichwa. "Mmemzika makaburini," akasema, "sasa mnamzika na humu?"

Neno hilo lilimchoma binti wa watu. Akaanza kuyaondoa magitaa, moja baada ya jingine. Sauti ya kaka yake ikapanda, ikabaki peke yake, safi, kama amekaa pale kitini.

Hapo ndipo aliposikia kitu kingine. Kila mwisho wa mstari Sindano alikuwa akivuta pumzi, na pumzi ikikwama, kifua kikipiga filimbi. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia. Alikuwa akiimba huku anaumwa, na hakumwambia mtu.

Binti akazima mashine. Msaidizi wake wa kurekodi akamwambia pumzi zile zinaweza kukatwa zitoke kwenye wimbo, ni kazi ndogo. Lakini yeye mawazo yalikuwa mbali. Je, kaka yake alitaka sauti izikwe kwa ajili ya muziki, au kwa ajili ya kuficha? Na yeye, aliyekaa nyuma yake na ngoma zake siku zote zile, alikuwa anasikiliza nini? Akiipandisha sauti, mama atausikia ugonjwa. Akiishusha, mama hatamsikia mwanawe. Hakuna pa kushika.

Mwishoni akabeba spika ndogo, akaingia chumbani kwa mama, akaweka wimbo uleule namna mbili: sauti ikiwa juu, kisha sauti ikiwa ndani. Mama akaendelea kupinda upindo wa suruali. Wimbo ulipokwisha, cherehani ikasimama.

"Mama, tumweke wapi?"

Mama akakata uzi kwa meno. Akaingia mteja, akajaribu suruali yake, akajitazama mbele na nyuma, akalalamika kiuno. Mama akampimia upya, taratibu, kama hana haraka ya kitu chochote duniani. Binti amesimama na spika mkononi.

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijaendelea, natoa pole kwa mama huyo, kwa shangazi, kwa mpiga ngoma na bendi nzima. Mungu awape subira. Na wewe unayenisikia, leo ukirudi nyumbani, msikilize mtu wako anavyopumua. Akikwambia ni mafua tu, muulize tena.

Basi mteja akatoka. Mama akazima pasi, akakaa.

"Hicho kifua nilikisikia kabla yenu," akasema. "Nikimuuliza, ananiambia vumbi la nyuzi. Usimkate pumzi hata moja. Lakini mrudishe ndani ndani, mwanangu. Mimi nimemzoea akiimba nyuma ya ukuta."