Pikipiki ya Mkubwa wa Ofisi

Kwenye basi letu la kutoka Kigobe kwenda Bwiza, mkubwa mmoja wa ofisi, tai shingoni, alimwambia fundi pikipiki aliyeketi karibu yake kwamba anataka kununua pikipiki kubwa. Hata baiskeli hajawahi kuendesha, lakini cheo ni cheo.

“Chukua kadogo, mzee,” fundi akasema. “Na hii vita, mpaka Bwiza iko bariyeri tatu. Kila moja unazima moteri, unasukuma mbele ya asikari.”

“Mutu kama mi nisukume? Apana!”

Kwenye bariyeri ya kwanza, kizuizi cha askari barabarani, dereva alizima gari, likagoma kuwaka. Tukashuka wote kulisukuma. Mkubwa alianza kwa kidole kimoja, akamalizia kwa bega, tai imehamia mgongoni.

“Fundi,” akasema akihema, “ile kubwa iko na kilo ngapi?”