Mikono ya Watoto wa Mwalimu Klaartje

…na kweli umekuja, jamani, umekuja! Mgeni rasmi, Bi. Duifje Nieweg, samahani. Karatasi yangu inasema nianze na "kwa heshima na taadhima", na hiyo taadhima nimeifanyia mazoezi wiki nzima mbele ya kioo, lakini nilipokuona unaingia na koti lako la mvua na fimbo yako, yote yamenitoka. Juzi ulimwambia mkuu wa chuo kwenye simu kwamba huji, umechoka kuwekwa mbele kama keki ya harusi. Na sasa umekaa mbele. Basi naanza upya.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, mkuu wa chuo, wakufunzi wetu, wazazi, na nyinyi watoto wa darasa la nane mliokaa chini kwa kukosa viti: sisi wanafunzi wa ualimu mwaka wa tatu, tunaojiita Kundi la Mlangoni, tunawakaribisha. Mimi ni Marrit Wiersma. Nimechaguliwa kusoma kwa sababu wenzangu wanasema nikikaa kimya muda mrefu nitapasuka. Kahawa ipo. Biskuti ni moja moja, kama kawaida yetu, na atakayechukua mbili tutamwona.

Jambo moja la utaratibu. Sauti ya mgeni wetu siku hizi ni ndogo sana. Koo linamsumbua tangu majani yalipoanza kudondoka, na daktari amemkataza kusimulia madarasani. Kwa hiyo akisema lolote, mimi nitalirudia kwa walio nyuma. Kama sasa hivi. Anasema, "Soma, msichana, kahawa inapoa."

TULIKOTOKA

Bi. Duifje, tulipokuwa wageni hapa chuoni ulikuja darasani kwetu, ukakaa juu ya meza badala ya kiti, ukatusimulia. Kwamba mwaka 1941 Wajerumani waliokuwa wanatutawala waliamuru watoto wa Kiyahudi watolewe kwenye shule za wenzao. Wewe ulikuwa na miaka minane. Ukapelekwa kwenye chumba nyuma ya sinagogi, hapa hapa Wedderhaven, mtaa wa pili kutoka tulipo, kwa Mwalimu Klaartje Wijnberg.

Ukatuambia jinsi Mwalimu Klaartje alivyosimama mlangoni kila asubuhi, akampa kila mtoto mkono na kumwita jina lake, kama walimu wa nchi hii tunavyofanya mpaka leo. Na jinsi alivyokuchagua wewe usimame pembeni yake. Mtoto wa mlangoni. Kila aliyeingia alimpa mkono mwalimu, kisha akakupa wewe.

Halafu foleni ikaanza kupungua. Leo hayupo huyu, kesho hawapo wale ndugu wawili. Mwalimu hakuacha. Alisimama pale pale, akanyoosha mkono vile vile, akasema habari za asubuhi kwa waliobaki.

Septemba ya mwaka uliofuata wazazi wako wakakupeleka kujificha kwa mkulima, ukapewa jina lingine. Wiki chache baadaye chumba kile kilikuwa kitupu. Watoto wale walipakiwa kwenye treni, wakapelekwa mashariki kwenye kambi, wakauawa, kwa sababu walikuwa Wayahudi na si kwa sababu nyingine yoyote. Mwalimu Klaartje alikwenda nao. Wa chumba kile, uliyerudi ni wewe peke yako.

Siku ile kengele ililia na hakuna aliyeinuka. Mimi naongea hata usingizini, lakini siku ile niliendesha baiskeli mpaka nyumbani bila kusema neno, mama akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

TULICHOFANIKISHA

Tulikuomba utufundishe kuibeba simulizi hii, ili siku usipoweza kuisimulia iwepo bado. Ulikubali kwa sharti moja: hatuongezi, hatupunguzi, na tusichokijua tunasema hatukijui. Ukawa unakaa nyuma ya darasa na fimbo yako, sisi tunasimulia mmoja mmoja mbele. Anayeongeza, fimbo inagonga sakafu.

Wa kwanza alikuwa Tjeerd, yule pale mrefu anayejificha nyuma ya nguzo. Alianza vizuri, akafika pale unapopelekwa kwa mkulima, akashusha sauti: "Theluji ilikuwa inaanguka, na Duifje mdogo alikuwa anatetemeka…"

Fimbo ikagonga.

"Theluji imetoka wapi?" ukamuuliza.

"Nilidhani, kwa kuwa ilikuwa vita…"

"Ilikuwa Septemba. Mama alinivalisha magauni matatu, moja juu ya jingine, nisionekane na mzigo. Nilitoka jasho kama farasi."

"Lakini Bi. Duifje, theluji inawasaidia watoto wahisi uchungu."

"Tjeerd, mwanangu, wenzangu wameuawa. Unataka kuwaongezea na mafua?"

Tulicheka. Halafu tukaona aibu kwa kucheka. Halafu ukacheka wewe, tukajua inaruhusiwa. Tangu siku hiyo simulizi yetu haina theluji, haina mbwa wanaobweka, haina fidla kwa mbali. Mwezi wa kumi na moja ulitusikiliza wote, kuanzia mlangoni hadi kwenye treni, na fimbo ililala magotini mwako muda wote. Wakufunzi wetu mtusamehe, lakini mtihani wetu mkubwa hapa chuoni ulikuwa ule.

CHANGAMOTO

Wiki iliyofuata tukaipeleka simulizi kwa darasa la nane, hawa hawa mnaowaona hapa chini. Tjeerd akamaliza. Fenna, mwenye sweta la njano, akanyoosha kidole.

"Nani alikuwa mchokozi?"

"Mchokozi wapi?" Tjeerd akauliza.

"Kwenye darasa lao. Kwetu ni Daan."

"Mimi?" Daan akasema. "Jiangalie kwanza."

Tjeerd akajibu kama ulivyotufundisha. "Hatujui."

Fenna akashusha kidole. "Mnajua siku waliyokufa, lakini hamjui nani alikuwa mchokozi?"

Mgeni rasmi, hiyo ndiyo changamoto yetu, na hatuna nyingine. Majina ya watoto wale yamechongwa kwenye jiwe ukutani, mahali chumba kile kilipokuwa. Tunapita hapo na baiskeli kila siku, tunaweka maua kila mwaka. Tunajua walizaliwa lini na waliuawa wapi. Lakini ukiangalia vizuri, karibu yote tunayoyajua juu yao ni yale waliyotendewa na wauaji wao. Wao wenyewe walikuwaje, hatujui.

Wewe unajua.

Alhamisi iliyopita nilikuletea supu ya njegere. Safari hii bila soseji ya nguruwe, mama ameshajifunza, na bado anajificha kwa aibu akikuona sokoni. Tulikaa jikoni kwako. Ukaniambia nikupe mkono. Ukaushika, ukafumba macho, ukasema, "Wako wa baridi, tena una haraka." Halafu ukamtaja mtoto mmoja ambaye mkono wake ulikuwa hivyo hivyo. Halafu aliyemfuata kwenye foleni. Halafu aliyemfuata huyo.

Ukawapitisha wote. Aliyebana vidole makusudi. Aliyekuwa na wino daima. Aliyetoa mkono wake haraka kama anaogopa utabaki nao. Miaka zaidi ya themanini imepita, na kila mkono upo kwenye mkono wako kama umeachiwa asubuhi ya leo. Supu ilipoa mbele yetu. Mimi sikuthubutu kusogeza hata kidole. Niliona kama darasa zima linaingia jikoni, linanipita mimi, na kila mmoja anajua pa kukaa. Sijawahi kuwa karibu na jambo kubwa namna ile, na hapo nimekaa kwenye stuli ya jikoni na kijiko mkononi.

Kisha ukasema, "Hii usiseme."

Nikauliza kwa nini.

"Vifo vyao nimeshawapa nyinyi. Viko ukutani, mnaviwekea maua. Mikono yao ni yangu. Nikiigawa, nitabaki na nini?"

Wanaonijua wanajua siku hizi zimekuwaje kwangu. Nimenyamaza mpaka taya zinauma. Asubuhi hii nikakupigia kuomba angalau nitaje kwamba jambo hili lipo. Ukasema, "Sema kwamba ipo. Usiseme ni ya nani." Ukakata simu. Nikajua ndiyo basi, huji tena.

OMBI

Mgeni rasmi, risala nyingi mahali hapa huomba jengo au kompyuta. Kompyuta tunazo. Sisi tunaomba mikono ile.

Kesho ni siku ya kuwakumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi. Saa mbili na nusu asubuhi, kwa mara ya kwanza katika siku hii ya kila mwaka, darasa la nane litasimuliwa bila wewe kufungua kinywa. Tunaomba ruhusa tuwaambie na hayo. Hatutaongeza hata kidole kimoja.

Tunajua tunaomba kitu ambacho si chetu. Hatutaki kukuachia mikono mitupu. Lakini uliponimalizia foleni ile, Alhamisi, nilikuuliza kama sasa imepungua kwa kunigawia. Ulichezesha vidole vyako, ukasema, "Hapana. Bado wapo." Nimeing'ang'ania sentensi hiyo tangu hapo.

Na lipo la kuogopesha ambalo lazima tuliseme. Siku moja, na tunaomba iwe mbali, kiti chako kitakuwa kitupu. Fenna atakuwa mwanamke mzima, na watu watamfuata kumwambia kwamba haya hayakutokea. Wameshaanza kusema, tunawasoma kwenye simu zetu. Tarehe watambishia, idadi watambishia. Kama anawajua watoto wale, anajua nani alikuwa na wino na nani alibana vidole, watakuwa na kazi kubwa zaidi.

Ukikataa tutakubali, na kesho tutasimulia hadi mwisho wa tunachoruhusiwa. Hatutakununia. Mimi nitanuna kidogo, nyumbani kwetu.

Mungu wa wazazi wako akulinde, akuongezee siku, akurudishie sauti. Kumbukumbu ya Mwalimu Klaartje na watoto wake wote iwe baraka kwetu na kwa watakaokuja baada yetu.

Nimefika mwisho wa… Ngojeni kidogo. Anainua fimbo. Ngoja nisogee.

Nipo, Bi. Duifje.

Kwa walio nyuma: amenishika mkono.

Anasema, "Mmoja." Leo mmoja tu. Nimuulize nani? Anasema, "Bennie. Hawa watoto wanaangalia biskuti, wape Bennie."

Sawa. Darasa la nane, sikilizeni. Bennie Drukker, miaka tisa. Baba yake alikuwa mwoka mikate. Asubuhi Bennie alitoka nyumbani na mkate mdogo wa moto ndani ya mfuko wa koti, akaushikilia njia nzima, kwa hiyo alipofika mlangoni mkono wake wa kulia ulikuwa wa moto na unanukia mkate. Kila asubuhi wenzake waliokuwa kwenye foleni naye walimpa mkono, wakazunguka nyuma…

Anasema si kila asubuhi. Siku za baridi tu. Samahani, nimeongeza. Siku za baridi, wenzake walimpa mkono, wakazunguka nyuma, wakarudi kwenye foleni kumpa tena. Mwalimu Klaartje aliona. Hakuwakataza. Ilipofika zamu ya Bennie kuingia, alisema, "Habari za asubuhi, Bennie," akaushika ule mkono kwa muda kidogo zaidi kuliko alivyoshika ya wengine.

Huyo ni Bennie.

Bi. Duifje anasema inatosha kwa leo. Anasema yeye kesho atakaa nyuma. Waliobaki kwenye foleni ya Mwalimu Klaartje wataingia kesho saa mbili na nusu, mmoja mmoja, na nitakayewataja ni mimi.

Ni sisi, Kundi la Mlangoni,
Chuo cha Ualimu, Wedderhaven.