Jina la Kuandika kwenye Tango

Benchi la mbele ya jengo namba kumi na nne, pale Hunedoara, mji wa Romania, lilitosha watu wanne waliopatana au watatu waliogombana. Kahawa ilitoka dirishani kwa shangazi Silvica, ghorofa ya chini. Aliichemsha kwenye birika dogo lenye mkono mrefu, akaipitisha kikombe kimoja kimoja juu ya vyungu vyake vya maua, na asiyerudisha kikombe hakupewa tena. Jumanne ile, yapata saa nne asubuhi, walikuwa wanaume watatu. Kulikuwa na Waziri, dereva wa kreni mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakukosa taarifa ya habari hata moja. Kulikuwa na Stuttgart, aliyekaa Ujerumani miaka kumi na moja akifunga milango kwenye magari kiwandani. Pembeni alikaa Sabin, fundi wa kalibu za kuumbia vifaa, ambaye mtaa mzima ulimwita Milimita. Kahawa yake ilikuwa inapoa, na yeye alikuwa akiitazama tu.

— Nilisema mimi, — alianza Waziri, akitema ganda la mbegu ya alizeti. — Nilisema lile tango halifiki mtaa wa pili. Limefika?

— Limefika wa tatu, — alisema Stuttgart.

— Haya, limenizidi mtaa mmoja. Lakini limevunjika au halijavunjika?

Lilikuwa limevunjika, na wote waliona. Jana yake tango, walivyoliita kwa umbo lake, lilipita mbele ya benchi kwa mara ya kwanza: chombo cheusi, kirefu, cha magurudumu matatu, bila injini. Mtu analala ndani yake kama kwenye beseni la kuogea, anapiga pedali, na kichwa tu ndicho kinachoonekana juu. Mbwa watatu walilikimbilia na kuachwa nyuma. Kwenye kona ya duka la mikate likatoa mlio kama ubao uliokanyagwa, likainama mbele, na Henning akashuka, akalisukuma kwa mkono hadi karakana bila kumtazama mtu.

Henning alikuwa Mjerumani mrefu, mwalimu wa fizikia aliyeacha kazi. Alilibuni tango hilo kwa miaka sita kwenye banda la nyuma ya nyumba yake karibu na Bremen, la kwanza akaliunga kwa mbao na plastiki. Kwao hakupata karakana ya kumsikiliza mtu mmoja mwenye mchoro mmoja. Ndipo akaja huku, akampata Sabin. Tangu Machi wawili hao walishinda kwenye banda la zamani la kuoshea mabasi, wakitandika kitambaa cha nyuzi za kaboni ndani ya kalibu na kukipaka gundi, tabaka juu ya tabaka, hadi ganda likatoka jepesi, la kubebwa na mtu mmoja.

— Usikasirike, Milimita, — alisema Waziri. — Siongei juu yako. Naongea juu ya nchi. Kitu kikitengenezwa huku, kinavunjika. Hata balbu. Nikinunua balbu ya huku, nabaki na mshumaa mfukoni.

— Tulizoea kulipua kazi, — alisema Stuttgart. — Kule huwezi kulipua. Skrubu ikikaa vibaya, unaiona aibu wewe mwenyewe.

— Mashine yangu ya kufulia ni ya Kijerumani, — shangazi Silvica alisema kutoka dirishani. — Mwaka wa kumi na nne huu.

— Umewahi kuisogeza ukasoma nyuma imeandikwa nini, shangazi? — aliuliza Sabin.

— Nisome nyuma ya nini? Inafua.

Waziri akasogea mbele, akashusha sauti. Sabin aliijua sauti hiyo. Ndiyo aliyoitumia kila alipotaka kufichua jambo ambalo serikali hailijui.

— Sasa jiulizeni. Mjerumani mzima, ana barabara kule, ana viwanda, anakuja kwetu kutengeneza kigari cha kupiga pedali. Kwa nini? Kwa sababu wanajua mafuta yanaisha. Wanajua tarehe! Sisi ndio wa kufundishwa kupiga pedali kwanza.

— Acha zako, — alisema Stuttgart. — Kama ni hivyo wangeleta baiskeli.

— Baiskeli inaonekana kwa setilaiti. Tango halionekani. Ndiyo maana ni jeusi.

— Mimi nadhani, — alisema Stuttgart taratibu, — ameleta huku kitu anachoogopa kukijaribu kwao. Kikimuua mtu kwao, kesi. Kikimuua mtu huku, sisi tunapeleka maua.

— Lakini aliyekuwa ndani ni yeye mwenyewe, — shangazi Silvica alisema.

Jambo hilo likawasumbua kidogo. Waziri akasema huenda ni pacha wake.

Sabin akaweka kikombe chini, kwenye saruji, katikati ya miguu yake.

— Limevunjika kwa sababu ya bamba, — alisema.

— Bamba gani?

— Linaloshikilia gurudumu la mbele. Halikutengenezwa huku. Lilitoka Ujerumani, kwenye boksi.

— Haiwezekani, — alisema Stuttgart.

— Matundu yake yamekwenda upande. Milimita moja na nusu. Likawa linalivuta ganda kila gurudumu likipiga shimo. Jana mchana tulilifungua, tukaona.

— Basi hukulipima lilipofika! — Waziri alipiga goti. — Milimita, mtu mwenye jina kama lako!

— Nililipima. Siku ileile. Nikaona kosa. Nikasema ni macho yangu, nikapima tena. Nikaazima kipimo cha jirani, nikapima kwa hicho. Milimita moja na nusu. Halafu nikachukua tupa, nikalikwangua ganda langu hadi likakubali.

Waziri alimtazama.

— Ulikwangua lililo sawa ili lilifuate lililopinda?

— Lilikuwa na muhuri, — alisema Sabin. — Na karatasi, na sahihi mbili. Nikaona aliyekosea ni mimi.

Stuttgart alichezea kikombe chake kitupu, akakizungusha, akakirudisha kilivyokuwa.

— Ningefanya hivyohivyo, — alisema. — Niwaambie kitu? Kwenye mstari wetu wa milango tulikuwa sisi wanne wa huku, Waturuki wawili, na Mpolandi mmoja aliyekuwa analala amesimama. Mjerumani alikuwa msimamizi. Tulimwona saa nne na saa nane.

— Na milango?

— Milango mizuri sana. Hata leo likipaki gari la kule hapa nje, naugonga mlango wake, nasikia ule mlio mzito, nasema moyoni: ona kazi ya Wajerumani.

Shangazi Silvica akapitisha kikombe kingine bila kuombwa. Stuttgart alikipokea kwa mikono miwili.

— Henning alisemaje? — aliuliza Waziri. Safari hii hakushusha sauti wala kuipandisha.

— Kuhusu bamba hakusema kitu. Alipiga simu, wanatuma lingine. Alinigeukia mimi. Akaniuliza nimejua tangu lini, nikamwambia wiki tatu. Akasema, “Wiki tatu, Sabin, na mimi nalala humo ndani na miguu yangu iko mbele?” Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

— Amekufukuza?

— Hapana. Ganda la pili limeshakauka, leo tunalifunga. Ila karibu na tundu la kuingilia kuna nafasi ya kuandika limetengenezwa wapi. Watu saba kule kwao wanalitaka, na mmoja ameandika kwamba atalipokea kama halitaandikwa Romania. Henning akaniambia, “Ganda ni lako. Saa sita uniambie niandike nini.” Sasa nimekuja kuwauliza.

Benchi likachangamka. Hili lilikuwa swali la saizi yao.

— Andika Ujerumani, — alisema Waziri. — Limebuniwa kule. Hujamdanganya mtu.

— Andika Ulaya, — alisema Stuttgart. — Hakuna anayeuliza Ulaya ipi.

— Kama ni kudanganya, danganyeni vizuri, — alisema shangazi Silvica. — Andikeni Uswisi.

— Au usiandike kitu! — Waziri alikuwa amesimama. — Wakikuta hapana jina watadhani ni la jeshi. Bei inapanda mara mbili. Au andika namba tu. Namba ndefu, na nyota mwishoni.

— Nyota ya nini?

— Hiyo nyota ndiyo itawanyima usingizi.

Walifika kwenye Kijapani, wakawa wanabishana ni nani mtaani anayejua kuandika hata herufi moja ya Kijapani, wakati mwanamke mmoja aliyevaa fulana ya njano alipokuja na tochi na daftari. Alikuwa msomaji mpya wa mita za gesi. Hawakuwa wamemwona kabla. Alimwomba shangazi Silvica amfungulie mlango wa chini. Shangazi alikwenda kutafuta funguo, na mwanamke akabaki amesimama kando ya benchi, akisikiliza kwa sababu hakuwa na pa kwenda.

— Samahani, wazee wangu, — alisema hatimaye. — Hilo ganda mnaloliongelea, limetengenezwa na nani?

— Na mimi, — alisema Sabin.

— Hapa hapa?

— Pale nyuma, banda la mabasi.

— Na la sasa ni zima?

— Zima. Nimelipima.

— Sasa mbona unawauliza hawa limetengenezwa wapi?

Stuttgart alitazama barabarani kama mtu anayengoja basi. Sabin akaona aibu, akainama kuokota kikombe chake. Shangazi akarudi na funguo, mlango ukalia, mwanamke akaingia kusoma mita zake.

— Kahawa imekwisha, — alisema shangazi Silvica, akanyoosha mkono kupokea vikombe.

Sabin aliinuka. Njiani hakupanga maneno. Henning alikuwa bandani ameinama juu ya ganda, brashi nyembamba mkononi na kopo la rangi nyeupe limefunguliwa. Hakumsalimu, lakini alisogea ili Sabin apate pa kusimama.

— Andika mji, — alisema Sabin. — Nchi wataitafuta wenyewe.

— Nitakosea herufi.

Sabin akaokota kipande cha mbao, akaliandika jina la mji kwa penseli, herufi kubwa, polepole. Henning alilisoma mara mbili kwa midomo bila sauti, kisha akauliza kama kuna alama yoyote juu ya herufi, maana lugha ya huku ina alama nyingi.

— Hili halina, — alisema Sabin. — Liandike hivyohivyo.

Akashika tochi ya bandani ili Henning aone vizuri.