Mama Nyasi, Aliyeogopa Maji ya Kijani

Tunayemsindikiza leo, ambaye wengi wetu tulimjua kwa jina la Mama Nyasi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, kitinda mimba wa fundi uzio na mshona nguo. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho kabla ya malisho kuanza. Ukifungua dirisha la jikoni, ng'ombe wanakuchungulia. Walizaliwa wawili tu, yeye na kaka yake, nao walikuwa chanda na pete.

Alianza shule mwaka 1965. Akiwa darasa la tano alimuuliza mwalimu kwa nini majani ya kwenye kichuguu ni mabichi kuliko ya bondeni. Mwalimu alikuwa amechoka, akamjibu, "Nenda ukakiulize kichuguu." Akaenda kweli. Alirudi wakati wa kufunga shule, sare imejaa udongo, akasema, "Nimekiuliza, mwalimu. Bado kinafikiri." Akasomea udongo hadi chuo kikuu, akahitimu mwaka 1983.

Mwaka uleule aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa malisho, kwenye maabara ya vyumba viwili iliyonuka vumbi na spiriti. Alipewa kusimamia umwagaji wa mbolea ya fosfeti kwenye mbuga ya asili iliyo juu ya bwawa, mbuga ambayo haijawahi kulimwa wala kutiwa kitu. Udongo wake ulikuwa na fosforasi, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea hiyo, kiduchu tu, na majani yake yalishazoea kula kidogo. Mbolea ilipoingia, mikunde ya porini ikafumuka, ng'ombe wakanenepa, na wafugaji ndio waliompa jina la Mama Nyasi.

Mwaka 1986 aliolewa na fundi magari aliyekuja kutengeneza trekta la kituo, akaendelea kuja hata trekta lilipopona. Walijaliwa mabinti wawili.

Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, furaha ile iliingia shubiri. Kila alipochimbua udongo na kuupima, alikuta fosforasi imeongezeka, tena imekaa juujuu, palepale mvua inapogusa kwanza. Majani membamba ya asili yakatoweka, magugu mageni yakatwaa nafasi. Kulikuwa na kipande kilichowahi kutiwa mbolea, kisha kikaachwa bila kuongezewa kwa miaka mingi. Alikipima akitarajia nafuu, akakuta fosforasi bado imejaa tele. Siku hiyo alirudi nyumbani akakaa mezani bila kuvua viatu vya shamba.

"Tulichokiweka hakitoki," alimwambia mumewe.

"Kitatoka na mvua," mumewe akasema, akimtuliza.

"Ndicho ninachokiogopa."

Mwaka 2004 ukame uliacha mbuga uchi. Mvua ya Novemba ikakokota udongo mtupu hadi bwawani, jua kali likafuata, mwani wenye sumu ukashiba fosforasi ile ukafumuka, na maji yakawa kijani kizito kama rangi ya mlango. Mama Nyasi alikwenda kwa miguu, akasimama mbele ya lango la uzio wa bwawa. Wafugaji walikuja na ng'ombe wenye kiu, fimbo mikononi.

"Mdogo wangu," kaka yake, mwenyekiti wa wafugaji, alimwambia, "hawa hawajanywa tangu jana. Pisha."

"Kaka, maji hayo yana sumu."

"Si wewe uliyetuambia mbolea ni baraka?"

"Nilisema. Sasa naogopa. Nitukaneni mkitaka, ila msifungue."

Wakati wakibishana, ndama wa kaka yake walikuwa wameshapenya kwenye tundu la uzio, wakanywa. Haikupita muda mrefu wakaanza kuyumba, wakapiga magoti, wakalala ubavu, miguu ikitetemeka. Kaka mtu akavua mkanda wake, akafunga nao lango.

"Watoto wetu huoga hapa," alisema polepole.

Tangu hapo kituo kiliacha kumwaga mbolea juu ya bwawa, na kwingineko hupima udongo kwanza na kuacha ukanda mpana bila mbolea kando ya kila kijito. Udongo wenyewe haujarudi ulivyokuwa. Mama Nyasi alistaafu mwaka 2018, lakini kila masika alikwenda kuyachota maji ya bwawa na kuyapima. Hakuwahi kusema hatari imekwisha.

Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alimuuliza daktari kama chanzo ni yale maji aliyoyashika miaka yote. Daktari alisema hawezi kujua. Aprili, kaka yake alikaa kando ya kitanda chake hospitalini.

"Mvua imeanza?" Mama Nyasi akamuuliza.

"Imeanza."

"Bwawa je?" Kaka akageukia dirisha. "Usinifiche."

"Kijani kidogo, kule kwenye matete. Nimefunga lango, na watoto nimewakataza."

"Unaogopa?"

"Naogopa, mdogo wangu."

"Vizuri," akasema, akafumba macho.

Alifariki dunia tarehe 2 Mei 2024, alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mkwe, mjukuu mmoja na kaka yake. Kaka ameomba tutangaze kwamba maji ya kunywa yako kwenye mapipa kando ya jiko, na kwamba baada ya mazishi mtoto yeyote asikaribie bwawa.

Mwenyezi Mungu ampokee, ampumzishe pasipo na hofu.