Dizeli ya Siku ya Kipimo

Basi letu dogo la kwenda New Site lilikuwa limeshaondoka kituo cha Thongpiny wakati mwanamume mwenye ovaroli alipolikimbilia, akaruka ndani na kuketi kati yangu na mama mwenye ndoo ya sabuni. Alinuka moshi.

"Wewe ndiyo nachoma taka ya hospitali?" mama akamuuliza. "Mashuka ya wateja wangu iko nyeusi, na mtoto wangu nakohoa!"

"Ni mimi, mama. Naitwa Sebit," akajibu, kana kwamba ameitwa kupokea tuzo. "Tanuri likiwa baridi, moshi unatoka na sumu. Lazima kwanza lifike digrii mia nane na hamsini, lakini mudir, mkuu wetu wa hospitali, anabania dizeli."

"Mbona siku wapimaji wa hewa wanakuja, moshi hakuna?"

"Siku hiyo dizeli inapatikana! Leo wanakuja tena. Nimemwahidi msichana wa kipimo kwamba nitachoma kama siku zote, mashine iseme ukweli."

"Siku yetu moja ya hewa safi, na hiyo unatunyima?"

"Mkipata hiyo moja, mama, wataandika hewa ni safi, na mtakula moshi mwaka mzima."

"Mwaka mzima nimeshakula!"

Niliona wote wawili wana haki, jambo ambalo chuoni hawakunifundisha kuwa linawezekana.

Simu ya Sebit ikalia. Alisikiliza, kisha akasema polepole, "Hapana, mudir. Dizeli ya ziada siweki. Kesho tafuta mtu mwingine, lakini leo nawasha mimi."

Basi likasimama karibu na tanuri. Sebit akashuka, mama nyuma yake.

"Basi ngoja nianue mashuka!" mama akasema, akikimbilia kwake.

Sebit akasimama langoni pa hospitali, kiberiti mkononi, akamngoja.